Tumfungulie Mtoto Kifua

Wasomaji wetu wakaao Koni, na wale wa Likasi waliowahi kwenda huko kuwatembelea ndugu zao, waijua vema sauti ya mto Lufira. Maji yake huanza kufanya kazi kule Mwadingusha, ambako kampuni ya Union Minière ilijenga mtambo wa umeme ulioanza kazi mwaka 1930. Kisha maji hayo huteremka hadi Koni, ambako mtambo wa pili ulianza mwaka 1950. Hata mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kueleza jinsi mambo yanavyokwenda: maji huingia katika mabomba makubwa, huzungusha magurudumu ya chuma, na umeme hupatikana. Nao waliofanya kazi katika mitambo ya namna hiyo wajua jambo jingine tena. Mbele ya mdomo wa bomba huwekwa wavu wa vyuma ili kuzuia majani na takataka za mto. Takataka zikijaa pale, maji hupita kwa shida. Mtambo wenyewe hauna ubovu, lakini nguvu hupungua. Hapo hapana dawa ila kusafisha, leo na kesho na keshokutwa, maana mto hauchoki kuleta majani.

Tumeanza kwa mfano huu kwa sababu twataka kusema habari za mirija mingine, ile ya pumzi, na habari za mtoto ambaye mirija yake huziba kila siku.

Fikirini nyumba moja yenye mtoto wa miaka 9. Tangu uchanga wake amekuwa akikohoa. Kikohozi hakikauki, ni kizito, chenye makohozi mengi ya kunata. Mtoto hula sana, pengine kuliko kaka zake, lakini hanenepi. Choo chake ni kingi, chenye mafuta na harufu mbaya. Mama akimbusu kipajini huonja chumvi. Amekwisha pewa dawa za kikohozi mara nyingi. Makohozi yake yamepimwa, wala vijidudu vya kifua kikuu havikuonekana. Majirani wameanza kunong'ona. Na sasa mama aona jambo jipya: mtoto hukaa amejikunja, mabega yamepanda karibu na masikio, mgongo umefanya kibyongo, na kila apandapo kilima husimama kuvuta pumzi. Mama ajiuliza: "Wakati nikimtafuta daktari wa kunieleza ugonjwa huu, mimi kwa mikono yangu naweza kufanya nini?"

Swali hilo ni la haki, na tutajaribu kulijibu.

UGONJWA WENYEWE

Dalili hizo zikikutana pamoja, zaweza kuwa za ugonjwa ambao madaktari wa Kongo, wafuatao Kifaransa, huuita mukovisidozi. Wenzao wa Kenya na Tanzania huuita sistiki fibrosisi. Ni ugonjwa mmoja. Jina la kwanza lataja ute mzito, nalo lafaa sana, maana shida yote hutoka hapo. Ndani ya mwili wa kila mtu mna ute mwembamba ulainishao mirija ya mapafu, ukichukua vumbi na vijidudu na kuvitoa nje. Kwa mgonjwa huyu ute huwa mzito kama gundi. Hukwama katika mirija ya pumzi, na vijidudu hupata makao humo. Hukwama pia katika mirija ya kongosho, hata maji yanayosaga mafuta ya chakula yasifike tumboni. Ndiyo sababu mtoto hula asinenepe.

Ugonjwa huu ulielezwa waziwazi mwaka 1938 na Dorothy Andersen, daktari mwanamke wa New York. Miaka kumi hivi baadaye mji huo ulipatwa na joto kali, na madaktari wakaona ajabu: kati ya watoto wachanga walioletwa hospitali wamezimia kwa joto, wengi walikuwa wagonjwa wa namna hii. Daktari Paul di Sant'Agnese akalifuata jambo hilo, na mwaka 1953 yeye na wenzake wakatangaza kwamba jasho la wagonjwa hawa lina chumvi kupita kiasi. Lakini akina mama wa Ulaya ya zamani walikwisha kuliona kabla ya waganga. Walikuwa na msemo kwamba mtoto ambaye paji lake lina ladha ya chumvi hataishi siku nyingi. Mpaka leo kipimo kikuu cha ugonjwa huu ni kupima chumvi ya jasho.

Mwaka 1989 wataalamu wa Kanada na Marekani, miongoni mwao Lap-Chee Tsui, John Riordan na Francis Collins, waligundua mahali penye kasoro katika asili ya mwili, yaani jeni iitwayo CFTR. Kila mtu anazo jeni hizo mbili, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Mwenye moja mbovu na moja nzima haugui wala hajui. Lakini baba na mama wote wawili wakiwa na moja mbovu, basi kwa kila mimba kuna bahati moja kati ya nne kwamba mtoto atazipata mbovu zote mbili na kuugua.

Tafadhali someni tena maneno hayo, ninyi akina baba hasa. Ugonjwa huu haukuletwa na mama peke yake. Haukuletwa na jirani, wala na nyanya, wala na mtoto mwenyewe. Hapana aliyemroga. Baba na mama wamechangia sawasawa, bila kujua na bila kosa. Katika miji yetu watoto wengine wamefukuzwa nyumbani na kuitwa wachawi kwa sababu ya maradhi yasiyoeleweka. Ni aibu kubwa mtoto kunyimwa pumzi na mapafu yake, kisha kunyimwa nyumba na jamaa zake.

JE, NI UGONJWA WA WAZUNGU TU?

Kwa muda mrefu vitabu vingi vilisema hivyo. Ni kweli kwamba wagonjwa ni wengi zaidi kati ya watu wa asili ya Ulaya. Lakini Waafrika nao huupata. Kati ya Waafrika wa kusini mwa bara letu, na kati ya Wamarekani weusi, imeonekana kasoro moja ya jeni hiyo iliyo ya kwao zaidi, nayo si ile iliyoenea Ulaya. Tena karibu na sisi, huko Rwanda, Daktari Léon Mutesa pamoja na wenzake waliwachunguza watoto wenye dalili kama hizi, na mwaka 2009 wakatangaza kwamba kati yao walionekana wenye mabadiliko katika jeni ya CFTR.

Basi tusiseme, "Haiwezekani." Wala tusiruke upande wa pili na kusema kila mtoto akohoaye ana ugonjwa huu. Kwetu kifua kikuu, pumu na homa ya mapafu ni vingi kuliko mukovisidozi. Mtu akikohoa majuma mawili au zaidi, jambo la kwanza ni kupimwa kifua kikuu. Na akionekana nacho, ameze dawa zake mpaka mwisho, hata kama amejiona mzima. Lakini mtoto aliyepimwa mara kwa mara bila kuonekana kifua kikuu, ambaye haachi kukohoa, hanenepi, na jasho lake lakausha chumvi nyeupe juu ya ngozi, huyo apelekwe mbele zaidi. Toka Likasi hadi Lubumbashi ni kilomita 120 hivi. Huko kuna hospitali kubwa, kama ile ya Jason Sendwe na Kliniki za Chuo Kikuu. Mzazi asiogope kumwambia daktari wa watoto: "Mtoto wangu ana jasho la chumvi. Je, aweza kuwa na mukovisidozi?" Neno hilo moja laweza kumfungulia mtoto njia aliyoikosa miaka mingi.

KWA NINI KIFUA HUFUNGWA?

Sasa tufike kwenye jambo letu lenyewe. Kifua cha mtu ni kama kikapu. Kina jozi 12 za mbavu, zilizofungwa nyuma kwenye pingili za uti wa mgongo, na nyingi zake zimeshikwa mbele na mfupa wa kidari. Chini ya kikapu hicho kuna msuli mpana uitwao kiwambo. Kati ya ubavu na ubavu kuna misuli midogo. Tuvutapo pumzi, kiwambo hushuka, mbavu huinuka na kupanuka, na hewa huingia. Tuachapo, vyote hurudi mahali pake na hewa hutoka. Kwa mtu mzima wa afya kazi hii haionekani, wala haimchoshi.

Lakini mirija ikizibwa na ute, hewa huingia kwa shida na hutoka kwa shida kubwa zaidi. Nyingine hubaki ndani imefungwa. Basi mapafu hukaa yamejaa wakati wote, na mbavu hukaa zimeinuka, hata kifua hufanana na pipa. Kiwambo, kwa kuwa kimesukumwa chini daima, hakina tena nafasi ya kushuka. Ndipo mwili huita wasaidizi: misuli ya shingo, ya mabega na ya kifua cha mbele. Hii haikuumbwa kufanya kazi ya pumzi usiku na mchana. Huchoka, hukaza, hufupika. Misuli ya mbele ikifupika huvuta mabega mbele, na mgongo hujikunja. Kikohozi chenyewe huzidisha, maana kila akohoapo mtu hujikunja. Tena wagonjwa wengi wa mukovisidozi wana mifupa isiyo na nguvu ya kutosha, na uti wa mgongo hukubali upesi kupinda.

Tazameni basi jinsi mambo yanavyozunguka. Pumzi fupi hukunja mgongo, na mgongo uliokunjwa hufupisha pumzi. Mwenye kutaka kuhakikisha na ajaribu sasa hivi: aketi, ainame mpaka kidevu kikaribie magoti, avute pumzi ndefu. Kisha akae wima, arudishe mabega nyuma, avute tena. Ataona tofauti mara moja. Mtoto wetu huishi katika ile hali ya kwanza siku zote.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa tiba ya viungo, wale ambao wengi kwetu huwaita kwa Kifaransa "kine", humfundisha mgonjwa kunyosha misuli ya kifua na mgongo. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kwa mtoto huyu tungesema, mgongo unyoshe ungali mbichi, maana kifua cha mtoto bado ni chepesi kurudi, na cha mtu mzima kilichokauka miaka 20 ni kigumu.

MAZOEZI MATANO

Mazoezi haya hayahitaji chombo cha kununua. Yahitaji mlango, mkeka, kiti na kitenge. Yafanywe mwili ukiwa na joto, baada ya kutembea kidogo au kuoga maji ya moto, hasa asubuhi za baridi za mwezi wa 6 na wa 7. Yasifanywe mara baada ya kula. Ngojeni saa moja na nusu hivi. Mtoto asizuie pumzi hata mara moja. Aone misuli inavutwa, asione maumivu. Kama yuko mtaalamu wa viungo karibu, ayaone kwanza na kuyasahihisha.

La kwanza, la mlangoni. Mtoto asimame katikati ya mlango, mikono imeinuliwa, viwiko sawa na mabega, na sehemu ya mkono toka kiwiko hadi kiganja imelala juu ya miimo ya mlango, huku na huku. Mguu mmoja utangulie mbele. Aegemee mbele polepole mpaka aone kifua kinavutwa. Akae hivyo kwa pumzi 4 au 5 za taratibu, kisha arudi. Afanye mara 3. Mlango ukiwa mpana mno kwa mtoto mdogo, atumie mwimo mmoja, mkono mmoja mmoja.

La pili, la mkeka. Kunjeni kitenge au taulo mpaka kiwe kama gongo laini, unene wake usizidi kifundo cha mkono wa mtoto. Mtoto alale chali juu ya mkeka, magoti yamekunjwa, na kitenge hicho kimelala kukingama chini ya mgongo, mahali penye mafupa ya mabega. Atandaze mikono pande zote mbili, viganja vikitazama juu. Akae dakika moja au mbili akivuta pumzi taratibu. Kama kulala chali kwamziba pumzi, asilazimishwe. Aketi kwenye kiti chenye mgongo mfupi, ashike kichwa kwa mikono nyuma, na kujinyosha nyuma juu ya ukingo wa kiti.

La tatu, la ubavu. Mtoto aketi juu ya kiti, miguu imekanyaga chini. Ainue mkono wa kuume juu ya kichwa na kuinama upande wa kushoto, bila kuinama mbele. Avute pumzi akijaribu kuipeleka katika ubavu uliofunguka, kama mtu ajazaye mfuko. Pumzi 4, kisha upande wa pili.

La nne, la kugeuka. Aketi vile vile, akunje mikono kifuani kama mtu aliyejikumbatia. Kiuno kisitikisike. Ageuze kifua na kichwa upande wa kuume kadiri awezavyo bila kulazimisha, atoe pumzi, arudi katikati, kisha upande wa kushoto. Mara 5 kila upande. Zoezi hili hulegeza viungo vya mbavu na uti wa mgongo.

La tano, la paka. Apige magoti na kuweka viganja chini. Akitoa pumzi, ainue mgongo juu kama paka aliyeona mbwa; akivuta pumzi, aushushe na kuinua kichwa. Mara 8 hivi. Mwisho akalie visigino vyake, anyoshe mikono mbele juu ya mkeka na kuinamisha kichwa, misuli ya mgongo ivutike. Watoto hulipenda zoezi hili kuliko yote, nasi twashauri wadogo zake walifanye pamoja naye, lisiwe alama ya ugonjwa.

Tena kunyosha peke yake hakutoshi. Misuli ya mbele ikirefushwa, ile ya nyuma yapasa ipewe nguvu, la sivyo mabega yatarudi mbele. Kwa hiyo, baada ya kumaliza, mtoto akae wima na kuyakaribisha mafupa ya mabega yake pamoja, kama mtu anayetaka kubana penseli katikati ya mgongo. Ahesabu mpaka 5, aache, arudie mara 10.

KUNYOSHA NI KUANDAA, SI KUSAFISHA

Hapa twataka kusema kweli yote, ili mtu asidanganyike. Kunyosha misuli hakuponyi mukovisidozi. Hakuui vijidudu, wala hakubadili ile jeni, wala hakutoi ute kwenye mirija. Kazi yake ni kukifanya kifua kiweze kutikisika, kupunguza maumivu ya mgongo na mbavu, na kumpa mtoto pumzi ndefu zaidi. Kwa pumzi hiyo ndefu ndipo ataweza kufanya kazi iliyo kuu, yaani kutoa makohozi.

Kazi hiyo nayo ina utaratibu wake, ambao mtaalamu humfundisha mgonjwa. Kwanza mtoto apumue kwa utulivu, mabega yamelegea. Kisha avute pumzi ndefu 3 au 4, akingoja kidogo kila mara kabla ya kuiachia. Kisha afungue kinywa na koo, atoe pumzi kwa nguvu kiasi, akisema "haa", kama mtu atiaye mvuke juu ya kioo ili akifute. Mara moja au mbili tu, ndipo arudi kwenye utulivu. Ute hupanda kidogo kidogo toka mirija midogo hadi mikubwa, na hapo kikohozi kifupi chatosha kuutoa. Huo ni werevu kuliko kukohoa nusu saa mpaka mbavu ziume. Makohozi yatemwe katika kopo lenye kifuniko, na mikono inawiwe.

Mwenendo wa siku waweza kuwa hivi: kwanza mtoto atembee au acheze kidogo, halafu anyoshe kifua, halafu atoe makohozi. Mtoto awezaye kukimbia na acheze mpira na wenzake, maana mchezo nao hutikisa ute. Kuimba pia kwafaa kitu, kwa kuwa anayeimba katika kwaya hujifunza kukaa wima na kuitoa pumzi polepole. Lakini siku za joto mtoto huyu hupoteza chumvi nyingi kwa jasho. Anywe maji mara kwa mara, na daktari aseme ni chumvi kiasi gani aongezewe katika chakula. Daktari pia ndiye atakayesema habari za dawa za vijidudu, na za zile dawa zinazosaidia kusaga mafuta ya chakula.

Kuna dawa mpya zinazorekebisha kazi ya jeni yenyewe. Moja yenye nguvu iliruhusiwa huko Marekani mwaka 2019, na wengi walioitumia wameona mabadiliko makubwa. Lakini bei yake ni kubwa mno, na tena haifai kwa kila namna ya kasoro. Baadhi ya kasoro zilizo za Waafrika zimo katika zile zisizosaidiwa nayo. Twalisema jambo hili kwa uchungu. Hata hivyo mtoto asiyeweza kuipata dawa hiyo bado aweza kupata kipimo cha kweli, chakula cha kutosha, dawa za vijidudu kwa wakati wake, na wazazi wamnyoshao kifua kila asubuhi.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Acheni mazoezi na kwenda hospitali upesi ikiwa mtoto akohoa damu. Ikiwa apatwa ghafula na maumivu makali ya upande mmoja wa kifua pamoja na kukosa pumzi. Ikiwa midomo yageuka rangi ya buluu. Au ikiwa ana homa kali. Msimpige wala kumkandamiza mgongo kwa nguvu, wala kumvuta mikono, maana mifupa yake yaweza kuwa dhaifu. Mtoto mchanga asininginizwe kichwa chini, kama ilivyofanywa zamani, kwa kuwa chakula hurudi na kumziba. Na kama kuna wagonjwa wawili wa mukovisidozi wasio wa nyumba moja, wasikae karibu karibu, hata kama wangependa kufarijiana. Vijidudu vya mmoja vyaweza kumdhuru mwingine.

NA WAZEE WA MIGODI?

Msomaji mmoja wa Likasi aweza kusema, "Mimi sina mtoto mwenye ugonjwa huo. Habari hii yanihusu nini?" Tumjibu kwamba kifua kilichofungwa si cha ugonjwa mmoja. Katika nchi yetu ya shaba wako wazee waliovuta vumbi la mawe miaka mingi, na vumbi hilo limeacha makovu katika mapafu yao. Wako waliopona kifua kikuu, vijidudu vimekufa, lakini upande mmoja wa kifua umebaki mgumu. Hao nao hukaa wamejikunja, mabega juu, pumzi fupi. Makovu hayaondoki kwa mazoezi. Lakini misuli iliyokaza juu ya makovu hayo yaweza kulegezwa, na kwa shauri la mganga wao, zoezi la ubavu na la kugeuka, wakiwa wameketi, laweza kuwapunguzia uzito. Basi babu na mjukuu waweza kuketi pamoja na kufanya kazi moja.

DAKIKA ISHIRINI

Twaujua ugumu. Mama huamka mapema kuchota maji na kuwasha makaa. Baba huondoka kwenda kazini kungali giza. Mtoto mwenyewe huchoka na kununa, naye asema, "Kwani ndugu zangu hawafanyi?" Siku ya kwanza huona raha ya jambo jipya, siku ya 10 ataficha kitenge. Ugonjwa huu hauna siku ya mapumziko, na ndio unaoshinda nyumba nyingi: si kwa ukali wake tu, bali kwa kurudi kwake kila asubuhi.

Kwa hiyo kazi hii isiachwe juu ya mama peke yake. Wagawane. Leo mama, kesho dada mkubwa, Jumapili baba aketi mkekani naye afanye mgongo wa paka mbele ya watoto wake, wamcheke. Hakuna heshima itakayopungua. Dakika 20 asubuhi na nyingine jioni si nyingi, lakini zisipokatika kwa mwaka mzima, mtoto atakuwa amejifunza kukaa wima, na pumzi yake itamfikisha mbali zaidi kuliko jana yake.

Wale wa Koni watuelewe. Hapana mtu asemaye, "Wavu tuliusafisha mwaka jana, yatosha." Majani yakija, husafishwa tena, na taa za mji huwaka.